Bomba Lionekane

Mama hawezi tena kushuka ngazi usiku. Ngazi za nyumba yetu, kama za nyumba nyingi za Mji Mkongwe wa Unguja, ni za mawe, nyembamba, zinapanda wima, na vidato vyake vimelika katikati kwa miguu ya waliotutangulia. Choo na bafu viko chini, uani, karibu na kisima cha zamani, pale pale walipoviweka walioijenga nyumba. Familia ilikaa na kukubaliana bila ubishi: bafu lipande ghorofani, mlango wa pili kutoka chumbani kwake. Tulidhani kazi kubwa imekwisha. Kumbe lilikuwa limebaki swali lenyewe, nalo ni maji yapite wapi. Naliandikia swali hili kwa sababu naona mjini kwetu linajibiwa kwa haraka, na nyumba zinaumia.

Mtu akitaka bafu jipya, mawazo yake huenda kwenye vinavyoonekana: vigae, sinki, kioo, rangi ya mlango. Atazunguka maduka ya Darajani mpaka apate kigae anachokipenda. Lakini bafu ni njia mbili za maji kabla halijawa kitu kingine chochote. Maji safi huingia yakisukumwa, kwa hiyo hukubali mengi. Yatapanda, yatakunja kona, yatapita kwenye paipu ya nusu inchi. Maji machafu hayasukumwi na mtu. Yanatoka kwa uzito wake, na sharti lake ni moja tu, mteremko. Paipu ya choo, ya inchi nne, huhitaji kushuka kama sentimita mbili na nusu kwa kila mita. Choo kikiwa mita nne kutoka kwenye bomba linaloshuka chini, paipu lazima ishuke sentimita kumi njiani. Sasa katika sakafu ya boriti, sentimita kumi utazipata wapi? Chini ya sakafu hiyo kuna dari ya watu. Ukiinua sakafu ya bafu ili upate nafasi, umejenga kidato mlangoni, na kidato ndicho tunachotaka kumwepusha nacho Mama.

Basi choo kikaamua mengine yote. Kilibidi kikae kwenye ukuta wa nje, upande wa uani, ili paipu yake itoke moja kwa moja na kushuka huko huko nje hadi kwenye chemba. Sinki likafuata upande huo huo. Dirisha nililolitaka juu ya sinki likahama. Mlango ukageuzwa ufungukie nje, jambo ambalo ni jema pia kwa mtu mzima anayeweza kuanguka bafuni, maana mlango unaofungukia ndani huzuiwa na mwili wa aliyeanguka. Nilipoutazama mchoro baada ya mabadiliko hayo niliona umekuwa mzuri kuliko ule wa mwanzo, na aliyeuchora kwa kweli ni yale maji machafu.

Hapo sijaugusa ukuta, nao ndio kiini cha habari.

Kuta za nyumba hizi ni za mawe ya matumbawe, udongo mwekundu na chokaa. Unene wake ni nusu mita, pengine zaidi. Kwa nje unaona uso uliolainishwa, lakini ndani ni vifusi vya mawe vilivyoshikanishwa na udongo na chokaa. Dari ni boriti za mikoko, zilizokuwa zikiletwa kwa majahazi kutoka Rufiji na Lamu, zimepangwa karibu karibu, na juu yake mawe na zege la chokaa lililopondwa kwa subira. Upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti, kiasi cha mita tatu hivi, ndiyo maana vyumba vyetu ni virefu na vyembamba. Nyumba nzima imejengwa kwa vitu vinavyopumua. Chokaa hupokea unyevu na kuutoa. Masika hunyesha, ukuta hulowa usoni, jua likitoka hukauka, na mambo yameendelea hivyo kwa zaidi ya miaka mia.

Maji yanayokaa ndani ndiyo yasiyovumilika. Tundu dogo kwenye kiungo cha paipu iliyozikwa ukutani hutoa tone moja kwa sekunde, na tone hilo kwa siku nzima ni lita nne na zaidi. Ukuta wa aina hii hunywa maji kama mkate uliochovywa chai: kwa nje unaweza kuonekana mzima huku ndani umekwisha kulegea. Udongo hugeuka tope, chokaa hupoteza mshiko, chumvi husafiri hadi usoni na kusukuma lipu ianguke. Halafu kuna boriti. Boriti huoza kichwa, pale ilipoingia ukutani, mahali ambapo hakuna mtu anayeweza kupatazama. Katikati ya chumba utaiona imara, nyeusi, inang'aa. Kichwani imekuwa unga. Unapoanza kuhisi sakafu inabonyea chini ya mguu, kazi hiyo imefanyika miaka mingi.

Kinachofuata mara nyingi ni kosa juu ya kosa. Mwenye nyumba anaona doa la unyevu, anaita fundi, fundi anakwangua lipu ya chokaa na kupiga ya saruji. Saruji haipumui kama chokaa. Inafungia maji ndani, doa linatoweka kwa muda, kisha linajitokeza juu zaidi au chumba cha pili. Mamlaka inayosimamia hifadhi ya Mji Mkongwe ilianzishwa mwaka 1985, na mji ukaingia katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000. Kwa muda wote huo wanaojua kazi ya chokaa wamekuwa wakisema jambo hilo hilo la saruji. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya jumba la kale la Beit al-Ajaib, hapa mjini, iliporomoka wakati inafanyiwa matengenezo, na watu wawili wakafariki. Sisemi kwamba bomba ndilo lililoiangusha. Nasema tu kwamba tangu siku ile, mkaazi wa mji huu akisikia mchanga unadondoka ndani ya ukuta usiku, halali tena.

Fundi bomba wetu ni kijana hodari, amefanya kazi nyingi Chukwani na Tomondo, kwenye nyumba za matofali ya saruji. Alikuja na chaki, akachora mstari kutoka sakafuni, ukakata kona mara mbili, ukapanda hadi kifuani. "Dada, hapa nakata, nazika paipu, tunapiga lipu, huoni kitu." Kwenye nyumba za matofali maneno yake hayana ila. Tofali lina umbo, ukilikata mfereji wa sentimita nne linabaki tofali. Akashika tindo, akapiga mara chache pembeni mwa mstari ili aonje ukuta. Jiwe moja likatoka, na nyuma yake udongo mwekundu ukaanza kumwagika wenyewe, mkavu, mwepesi, umechanganyika na vipande vya chokaa vidogo vya ukubwa wa kucha. Ulimwagika kwa muda baada ya nyundo kunyamaza. Kijana akarudi nyuma hatua moja.

Alikuwepo mzee, fundi wa chokaa, ambaye tulikuwa tumemwita kwa shughuli nyingine. Akatia mkono kwenye lile tundu, akapapasa, akautoa na kuupangusa kwa kanga kuukuu aliyoiweka begani. "Mwanangu, mawe haya yamekaa kwa kuelewana," alimwambia kijana. "Usiwatie fitina." Kisha akachukua jiwe lile lile, akalirudisha kwa chokaa, akalishindilia kwa vijiwe vidogo pembeni mpaka likakataa kutikisika. Hatukukata tena.

Tulikubaliana kwamba hakuna paipu itakayozikwa. Maji safi yatapita juu ya uso wa ukuta, yakishikwa na vibanio, na maji machafu yatatoka nje na kushuka upande wa uani. Ndugu zangu wawili walipinga, na hoja yao ilikuwa na uzito: bomba linaloonekana ni baya machoni, linaifanya nyumba ionekane kama haijakwisha. Mimi naona tumefundishwa kuona hivyo na picha za mahoteli. Bomba lililonyooka, lililopakwa rangi ya ukuta, lenye vibanio vilivyopangwa kwa nafasi sawa, lina uzuri wake, uzuri wa kitu kinachoeleweka. Likivuja, tone litaanguka sakafuni mbele ya macho, na mtu atakwenda kufunga koki.

Wala fikra hii haikutoka kwetu. Majumba ya kale ya mwambao yaliyapa maji mahali pake. Katika nyumba za mawe za Lamu, ndani ya choo palijengwa birika, maji yakichotwa kisimani na kuletwa humo, na birika lilipigwa chokaa laini ya peke yake. Katika sakafu ya birika walizika bakuli la kaure, ili maji yakipungua vijisamaki vilivyofugwa mle kula viluwiluwi vya mbu vibaki hai ndani yake. Tazama uangalifu huo: mtu alimfikiria samaki siku ambayo birika litakauka. Huko Kilwa, Husuni Kubwa ya karne ya 14 ilikuwa na hodhi la pembe nane, ukingoni mwa mwamba, juu ya bahari. Na hapa kwetu Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, ndiye aliyeleta maji ya bomba mjini kutoka chemchemi za nje, na ndiye aliyejenga hamamu ya umma iliyoupa jina mtaa wa Hamamni, ikafanya kazi hadi 1920. Jumba lake la Marahubi liliungua 1899, na vinavyosimama huko leo ni nguzo, mabafu, mahodhi na mfereji wa maji uliojengwa kwa mawe. Mbao zilikwenda na moto. Sehemu za maji zimebaki, kwa sababu zilijengwa na watu waliojua kwamba maji ni mgeni mwenye nguvu na lazima apewe chumba chake.

Vurugu iliingia baadaye, mabomba yalipopanda ghorofani katika nyumba ambazo hazikuyategemea, na hasa nyumba moja ilipogawanywa ikawa ya familia nyingi, kila familia ikajitilia sinki pale ilipopata nafasi. Siwalaumu. Mtu anahitaji kuosha mtoto leo, hawezi kungoja mchoro. Ila hakuna aliyeandika popote paipu ilipita wapi. Katika nyumba yetu wenyewe, tulipofungua sakafu ya ukumbini, tulikuta bomba la chuma lililo hai, lina maji, na halimlishi mtu yeyote. Mwisho wake ulikuwa umezibwa kwa kipande cha mti na kitambaa. Kwa ndani kutu ilikuwa imekaza hadi penseli haipiti, na udongo uliolizunguka ulikuwa umelowa tepetepe. Hakuna mzee hata mmoja katika familia aliyejua liliwekwa na nani wala kwa ajili ya chumba gani.

Nilikuwa bado naipanga njia ya maji safi kwa kufuata picha: bomba la mvua juu, koki mbili za kuchanganyia kifuani, sinki pembeni. Mama alikuwa anasikiliza tu. Siku fundi alipomuuliza, alijibu kwa utulivu. "Bomba la mvua sina haja nalo, mwanangu. Nitilie mfereji wa chini, nijaze ndoo yangu nikiwa nimekaa. Na mwingine kando ya choo. Na hicho cha kufungia maji kiwe mahali nitakapokifikia." Kila neno lake lilikuwa kipimo. Mtu anayeoga kwa kigoda, ndoo na kopo anahitaji maji kwenye usawa wa goti. Anayetia udhu na miguu yake inauma anahitaji mfereji ambao hautamlazimisha kuinua mguu hadi kwenye sinki. Paipu ikashuka kutoka kifuani hadi kwenye goti, ikanyooka, ikapoteza kona mbili na viungo vyake. Tulibakisha tawi moja la bomba la mvua kwa ajili ya watakaokuja baada yake, limefungwa kwa kizibo, linaonekana.

Tangi lilileta mjadala wake. Maji ya mfereji huja kwa saa zake, kwa hiyo lazima pawe na akiba, na watu wengi huipandisha akiba hiyo darini. Lakini lita elfu moja za maji ni tani moja. Sitaki tani moja ikae juu ya boriti ambazo vichwa vyake sijaviona. Tangi likabaki uani juu ya zege, na pampu ndogo ikachukua kazi ya kusukuma. Hata kwa hesabu ya nguvu ya maji, tangi la darini lingetudanganya: mita kumi za urefu huzaa baa moja ya presha, na tangi lililo mita mbili tu juu ya mfereji hutoa sehemu ya tano ya hiyo.

Paipu zenyewe ni PPR, zile za plastiki zinazounganishwa kwa mashine ya moto wa nyuzi 260 hivi. Kiungo kikichomwa sawasawa, paipu na elbo huwa kitu kimoja. Kikichomwa kupita muda, plastiki huvimba kwa ndani na kuziba njia, na kwa nje huoni chochote. Nilimwomba kijana akate kiungo kimoja cha majaribio katikati tuone ndani yake, akakubali kwa furaha, na kilikuwa kisafi. Sehemu inayopita nje tuliifunika, kwa sababu jua huila plastiki hii. Paipu ya maji moto nayo hurefuka: mita kumi zikipata joto la nyuzi 30 zaidi huongezeka sentimita nne na nusu, basi vibanio vyake lazima viiache iteleze. Tuliweka kihita kidogo karibu kabisa na mfereji wa Mama, kwa ajili ya asubuhi za kipupwe, na njia ya maji moto ikawa fupi hata hesabu hiyo haikutusumbua.

Kuhusu harufu, niseme kwa ufupi. Kinachozuia harufu ya chemba isipande ni sentimita tano za maji zilizokaa kwenye mpindo wa paipu chini ya sinki na choo. Bomba lisipokuwa na pumzi, yaani paipu inayopanda hadi juu ya paa, maji ya choo yakishuka huyafyonza yale yaliyo kwenye mpindo, na bafu jipya linanuka huku watu wakimwaga dawa kila siku.

Jirani yetu anashiriki nasi ukuta mmoja. Tone likipotea upande wetu litajitokeza chumbani kwake, nyuma ya kitanda chake, naye hana koki ya kulifunga. Dini yetu imeipa haki ya jirani nafasi kubwa, na sijui mahali ambapo haki hiyo inaonekana wazi zaidi kuliko kwenye ukuta wa shirika. Tulimwita akaona mchoro kabla ya kazi. Aliomba kitu kimoja, kwamba paipu yoyote isiegemee ukuta ule, na tukampa. Upande wa kichochoroni hatukuugusa kabisa. Uso wa nyumba unaotazama njia ni wa mji wote, na kibali cha Mamlaka kinastahili kuombwa hata kwa bafu dogo.

Kabla ya kuweka kigae chochote, fundi alijaza maji kwenye paipu zote, akafunga kila mwisho, akapandisha presha mara moja na nusu ya ile ya kazi, akaiacha usiku kucha. Asubuhi mshale wa kipimo ulikuwa pale pale. Tulipita na tochi na tishu kavu, tukigusa kiungo kimoja kimoja. Koki kuu ya bafu ni ya mkono mrefu, wa kusukuma kwa kiganja, kwa kuwa ile ya kuzungusha vidole vya Mama haviiwezi tena. Aliifunga na kuifungua mwenyewe, mara kadhaa, akasema inafaa.

Sasa naomba jambo kwa kila mwenye nyumba ya mawe na chokaa, awe Unguja, Mombasa, Lamu au Pate. Zunguka nyumba yako wiki hii ukiwa na karatasi, na kama yuko fundi mzee aliyewahi kufanya kazi humo, mshike mkono mzunguke naye angali hai na anakumbuka. Chora kila bomba unaloliona na kila unaloambiwa lipo. Andika vipimo kutoka kona ya ukuta, piga picha tepu ya kupimia ikiwa imelazwa pembeni, na uonyeshe koki zote za kufungia. Nakala moja iweke pamoja na hati ya nyumba. Ya pili mpe jirani mnayeshiriki ukuta, kwa maana siku maji yatakapotoka, huenda wewe usiwepo.